Mdogo, Mkongwe, Mzima

Kiswahili kinapotaka kusema kwamba mti ni mdogo, hakikosi maneno. Mche ni mdogo kwa kuwa bado mchanga. Kijiti ni kidogo, lakini kwa kawaida kimeshakatwa. Ukimtuma mtoto akuletee kijiti, hatakuja na kitu chenye mizizi. Kichaka ni kifupi kwa sababu kimetawanyika chini bila shina moja la kukiongoza. Mti uliodumaa ni mfupi kwa sababu umekosa maji, au mbolea, au nafasi, au umeugua. Wapo pia wasemao kimti, nacho kinaeleweka, ila ile ki- imebeba dharau kidogo, ileile tunayoisikia katika kijitu.

Hakuna hata neno moja kati ya hayo linalotaja mti ambao ni mdogo, ni mkongwe na ni mzima wa afya, yote matatu kwa pamoja. Miti ya namna hiyo ipo. Katika hifadhi ya taifa ya miti huko Washington kuna msonobari mweupe wa Kijapani ambao umekuwa ukilelewa chomboni tangu mwaka 1625. Uliponea bomu la Hiroshima mwaka 1945 ukiwa nyuma ya ukuta wa bustani ya familia ya Yamaki, na mwaka 1976 ukatolewa zawadi kwa Wamarekani. Karibu miaka 400, na bado mtu anaweza kuuzunguka kwa hatua chache tu. Kuuita huo mche ni kosa, na kuuita kijiti ni tusi.

Ndiyo maana sioni ubaya wa kulipokea neno bonsai lilivyo. Limekuta kiti kitupu likakaa. Ulimi wetu haukusumbuka nalo, maana -ns- tulikuwa nayo katika jinsi na pensheni, na kisarufi limeingia kimyakimya katika ngeli ya i-/zi-: bonsai hii imechipua, bonsai hizi zinataka maji. Ajabu ni kwamba neno lenyewe kwao halisemi udogo. Kwa Kijapani, bon ni chombo kipana cha kina kifupi na sai ni kupanda. Maandishi yake yalitoka China, ambako husomwa penzai, na kazi yenyewe ni ya kale huko: katika kaburi la mwanamfalme Zhanghuai, lililojengwa mwaka 706 si mbali na Xi'an, kuna mchoro ukutani wa mtumishi aliyeshika chombo chenye mawe na miti midogo. Jina, basi, ni la chombo. Mtu wa pwani angekumbuka chano, lile sinia la mti, au bia, kile kifuniko cha udongo ambacho kikigeuzwa huwa sahani ya mviringo yenye kina kidogo. Nimewaona watu wakitoboa bia matundu mawili chini, wakaweka kipande cha wavu, wakapanda ndani yake. Inafaa kabisa, kwa sababu udongo uliochomwa bila kupakwa rangi ya kung'aa hupumua.

Jina nimelikubali. Kitenzi kinachoandamana nalo ndicho ninachokipinga. Mara nyingi bonsai huelezwa kwa Kiswahili kuwa ni "sanaa ya kudumaza miti", na kitenzi hicho kimeua miti mingi kuliko wadudu. Anayeamini kwamba kazi yake ni kudumaza atafanya kile ambacho kudumaza kunamwagiza: atapunguza maji, atanyima mbolea, atauweka mti sebuleni gizani ili "usikue". Baada ya muda majani yanageuka manjano, yanapukutika, na mwenye mti anasema bonsai ni ngumu.

Hali halisi ni kinyume. Mti wa chunguni hulishwa vizuri kuliko ndugu yake wa msituni, kwa sababu udongo wake ni kidogo na maji huosha chakula chake kila siku. Hutakiwa kukua, tena kwa nguvu, ndipo mwenyewe apate cha kukata. Udogo wake unatokana na mkasi juu na mkasi chini: matawi hukatwa na mizizi hukatwa, na vipimo viwili hivyo huwekwa sawa. Asili yake haijaguswa. Utoe chunguni, upande ardhini, nao utarudi kutafuta urefu wa wenzake. Tazama pia mkwaju wa urefu wa mkono unapozaa: majani yatakuwa yamepungua ukubwa kwa kukatwakatwa, lakini maua na makwaju hayapungui kwa kiasi hicho, na tawi dogo hulemewa na tunda la kawaida la sokoni. Mti uliodumaa hauna nguvu za kufanya hivyo.

Kitenzi chetu, nasema, ni kulea. Tunalea mtoto, tunalea mimba, na hakuna anayelea kwa kunyima chakula. Kulea kunabeba pia ukali wake: kukataza, kurudi, kuelekeza, na kungoja. Kufuga nako kungeweza kufaa, kwa kuwa tunafuga ndevu na tunazipunguza tunavyotaka, lakini ndevu hazina mapenzi yake mtu akayasikiliza. Mti unayo.

Mwanafunzi wa bonsai anayesoma vitabu vya kigeni hukutana na msitu wa istilahi, nyingine za Kijapani, nyingine za maabara, akadhani Kiswahili hakijafika huko. Kimefika zamani, ila kimefikia shambani. Muulize mkulima wa miwa jina la ile sehemu kati ya fundo na fundo; atakwambia pingili bila kufikiri. Muulize wa mihogo anakata vipande vipi vya kupanda. Atakwambia vyenye macho. Pingili na jicho: ukiyashika maneno hayo mawili umeshashika nusu ya kazi ya bonsai. Mti unaopata jua la kutosha hutoa pingili fupi, majani yakakaribiana, na tawi la sentimita 5 likaonekana la mti mkubwa. Ukiuweka kivulini, pingili zinarefuka kwa kutafuta mwanga, na hakuna waya wala mkasi utakaozifupisha tena. Utazikata tu uanze upya.

Jicho nalo linakaa kwapani. Pale kikonyo cha jani kinapokutana na tawi pana kona, na katika kona hiyo limelala jicho ambalo halitaamka maadamu ncha ya tawi ipo, kwa sababu ncha hutuma chini homoni iitwayo oksini inayowanyamazisha walioko nyuma yake. Ukiinyofoa ncha, macho ya karibu yanaamka. Na ukikata, unakata juu kidogo ya jicho unalolitaka, kwa kuwa huko linakotazama ndiko tawi jipya litakakoelekea.

Jambo hili sikulipata kitabuni. Katika kitalu kimoja cha kando ya barabara, Mikocheni, kijana mmoja alikuwa akipunguza bogenvilia kwenye makopo ya rangi. Nilimsalimu, nikamuuliza anajuaje pa kukata.

"Fuata jicho la nje, dada," akasema. "Ukifuata la ndani litakurudishia tawi kifuani, mti unajikumbatia, hewa haipiti."

Akanigeuzia tawi kunionyesha. Jicho lilikuwa kipele chekundu kidogo kuliko punje ya mtama, na akaweka mkasi juu yake, nafasi ya upana wa ukucha wa kidole kidogo, akakata kwa mshazari ili maji ya mvua yasikae kwenye jeraha. Jicho la nje, kifua cha mti, kujikumbatia: kwa maneno hayo alikuwa amemaliza sura nzima ya kitabu, wala hakuhitaji neno moja la kukopa. Anachokifanya vitabu hukiita kupogoa, nacho ni kitenzi kizuri, ila ni kipana mno. Wapogoao mikahawa na wapogoao mwembe hutumia hicho hicho. Mezani pa bonsai tunahitaji kutofautisha. Kunyofoa ncha kwa vidole wakati bado laini ni jambo moja. Kukata tawi kwa mkasi ni jingine. Na kupukutisha, yaani kuyaondoa majani yote ya mti kwa makusudi ili yatoke mapya madogo zaidi, ni jambo la tatu, linalofanywa kwa mti wenye afya tu, na kwa jamii ya mtini na mkuyu hufanywa kwa kukata ubapa wa jani na kukiacha kikonyo. Kikonyo kinakauka chenyewe na kuanguka baada ya siku kadhaa, na jicho lililokuwa kwapani mwake halikujeruhiwa. Ukilikonyoa jani zima kwa kulivuta, mara nyingine jicho linakwenda nalo.

Jamii hiyo ya mtini na mkuyu, ambayo wataalamu huiita Ficus, ndiyo shule ya kwanza ya kila mlezi wa nchi za joto, nami sidhani kuna mwalimu mwema zaidi. Inavumilia kosa la maji, inachipua hadi kwenye shina kuukuu, na jeraha lake linafunga. Waganda wamelijua hilo kwa karne nyingi: mutuba, ambao ni Ficus natalensis, huchunwa gome lake kutengeneza nguo ya gome, kisha shina hufungwa kwa majani ya mgomba, na gome jingine huota. UNESCO iliitambua kazi hiyo mwaka 2005. Mti unaoweza kuvuliwa nguo namna hiyo ukavaa nyingine hauogopi mkasi mdogo wa mezani.

Ukikata tawi lake hutoka maziwa. Kiswahili kinayo maneno mawili hapa, na inafaa kuyatenganisha. Utomvu ni majimaji ya mti wowote. Ulimbo ni utomvu uliogeuka gundi, ule ambao watoto hutegea ndege. Utomvu wa mkuyu una tabia ya ulimbo: ukikauka unaziba kidonda wenyewe. Nyunyizia maji mahali ulipokata, utasita kutiririka. Ukikugusa, nawa, maana ngozi za watu wengine huwashwa nao.

Kuhusu kupinda matawi kwa waya, methali imetutangulia. Samaki mkunje angali mbichi. Wengi huisema kwa ajili ya malezi ya watoto tu, lakini kwa mlezi wa bonsai kila neno lake ni agizo la kazi. Kukunja ndicho kitendo chenyewe: kugeuza umbo bila kuvunja. Na -bichi ni sifa ambayo lugha nyingi zingehitaji maneno manne kuieleza, kwani sisi twasema nyama mbichi, embe bichi, kuni mbichi na tawi bichi. Tawi bichi limejaa maji ndani, gome lake bado kijani au linaanza tu kugeuka kahawia, na linakubali. Waya wa alumini wenye unene wa kama theluthi ya tawi huzungushwa kwa nyuzi 45, usilegee wala usibane, kisha tawi na waya hukunjwa pamoja kwa vidole gumba viwili vilivyokutana upande wa ndani. Baada ya hapo kazi ni kutazama. Katika nchi za joto tawi hunenepa haraka, na waya ulioachwa wiki kadhaa msimu wa mvua huanza kuuma. Mafundi husema hivyohivyo, waya umeuma, na pale ulipouma pana mfereji wa mzunguko ambao mti utauvaa kwa miaka. Waya haufunguliwi kwa kuzungushwa kinyume. Hukatwa vipande vipande kwa koleo, kila duara peke yake.

Sasa nifike kwenye neno ninalolipenda kuliko yote. Wajapani huita nebari ile sehemu ambapo shina linapanuka na kuwa mizizi juu ya ardhi. Ndiyo sehemu ya kwanza wanayoitazama, kabla ya tawi lolote, kwa sababu ndiyo inayosema umri. Mti mchanga huchomoka ardhini kama ulivyochomekwa. Mti mkongwe umekaa. Nimeona ikiandikwa "mizizi inayoonekana", jambo ambalo ni kweli lakini halisemi kitu. Kiswahili kinacho kitako. Tunasema kitako cha chungu, kitako cha bunduki, na mgeni tunamwambia aketi kitako, yaani akae akatulia, asikae kwa kuinukainuka. Kitako cha mti: mizizi iliyotanda pande zote, minene karibu na shina na kupungua kadiri inavyokwenda, hakuna unaopanda juu ya mwenzake. Kitako hakinunuliwi wala hakiharakishwi. Hupatikana kwa kuukata mzizi mkuu mapema, ule uendao chini wima, na kuipanga ya pembeni kila mara unapobadilisha chungu, ukiilaza kama miale na kuifunika tena. Jamii ya mkuyu husaidia, kwa kuwa hushusha na mizizi ya hewani kutoka matawini, ambayo ikifika udongoni hunenepa ikawa nguzo.

Kubadilisha chungu kunaniletea jambo linalonihuzunisha, nalo ni majira. Vitabu vingi vya bonsai vimeandikwa Japani, Ulaya na Marekani, na vyote husema badilisha chungu majira fulani, acha mti ulale majira fulani. Wafasiri wetu wana desturi ya kuyapa majira manne ya huko majina ya kwetu, na katika majina hayo vuli hupewa kazi ya kusimamia msimu ambao majani ya Ulaya yanapukutika. Fikiria basi mtu wa Tanga anayesoma kwamba wakati wa vuli mti unajiandaa kulala, upunguziwe mbolea, usikatwe mizizi. Vuli yake yeye ni Oktoba hadi Desemba, mvua fupi zinaanguka, joto linapanda, na kila jicho mtini limeamka. Ametii kitabu, na amepoteza msimu bora. Hilo si kosa la lugha. Neno vuli lina maana yake kamili, imetoka kwenye anga letu wenyewe, na halikuomba kazi ya pili.

Tuseme wazi. Mkuyu wa chunguni hauhitaji usingizi wa baridi; kinachouumiza ni nyuzijoto kushuka chini ya 15 hivi kwa muda mrefu. Mizizi ya miti yetu mingi hukatwa, hadi theluthi moja, pale mvua zinapokaribia au zimeanza, masika au vuli, kwa kuwa hewa ina unyevu na mti una haraka ya kupona. Kipupwe, kuanzia Juni, mti hupunguza mwendo, nasi tupunguze mkono. Kaskazi inapovuma, Desemba hadi Machi, chungu chenye kina cha vidole vitatu kinaweza kukauka kabla ya adhuhuri, na kumwagilia mara moja kwa siku hakutoshi. Mbuyu una kalenda yake: ukipukutisha majani wakati wa kiangazi haujafa, umelala kweli, na maji mengi wakati huo huuozesha mizizi. Mwongozo wowote wa Kiswahili unaofaa kusomwa ungepaswa kuandikwa kwa kufuata pepo na mvua hizi, na ule wa bara ufuate za bara.

Kuhusu udongo sina maneno mengi, kwa sababu jiko limeshayasema. Wajapani hutumia udongo wa punje, akadama, unaosafirishwa kwa gharama kubwa. Sisi tuna tofali la kuchoma lililovunjwa, mkaa uliopondwa, changarawe, na katika maeneo ya volkano kama Arusha mawe mepesi yenye matundu. Hupondwa, huchekechwa, vumbi likatupwa, zikabaki chenga. Chenga ni neno la mchele uliovunjika, na ndilo hasa kipimo chake: punje za milimita 3 hadi 6, zinazopitisha maji yasituame na kuacha hewa katikati. Ukichanganya na mboji iliyoiva kidogo, imetosha. Wajapani husema kujifunza kumwagilia huchukua miaka 3. Aliyechekecha udongo wake vizuri hupunguziwa mwaka mmoja au miwili.

Maumbo nayo yana majina tayari. Wima, mshazari, poromoko kwa ule unaoning'inia chini ya ukingo wa chungu, msitu kwa miti mingi chombo kimoja. Hokidachi, ambalo kwa Kijapani ni ufagio uliosimama, litaeleweka na kila aliyewahi kusimamisha fagio la chelewa. Watu wa Afrika Kusini wamekwenda mbele zaidi, wakaacha kuiga misonobari ya mlimani. Wana umbo la mbuyu, na wana umbo waliloliita Pierneef, kwa heshima ya mchoraji Jacobus Hendrik Pierneef (1886–1957), aliyechora migunga ya nyika yenye vichwa vya kutandaa. Sisi tungeliita mwamvuli tu. Kuna pia istilahi ambazo ningeziacha Japani kwa amani. Jin na shari, tawi au shina lililochunwa likaachwa jeupe kavu, ni mambo ya mreteni wa milima yenye baridi. Mbao ya mkuyu ni laini, na katika unyevu wetu ukavu huo huoza kabla haujapendeza.

Limebaki jambo ambalo vitabu hulizungukazunguka, nalo ni matawi kuzaa matawi, hadi ncha za mti zikawa nyembamba na nyingi kama za mti mkubwa zilivyo. Majina yake tunayo nyumbani. Tawi kuu likikatwa ncha hutoa watoto wawili. Nao wakikatwa hutoa wajukuu 4, kisha vitukuu 8, vilembwe 16, vining'ina 32. Mlezi akimwambia mwenzake kwamba mkuyu wake umefika vitukuu, mwenzake anajua mara moja umekatwa mara ngapi na umebakiza kazi gani. Katika joto letu, mti wenye afya unaweza kukubali mikato kadhaa kwa mwaka, kila mmoja ukingoja majani 6 au 8 yatoke ndipo yarudishwe hadi 2.